Dante Ukingoni mwa Menengai

Mwaka 2018 watoto na vijana wapatao 150 wa Kibera, Nairobi, waliigiza safari ya Dante Alighieri kutoka Jehanamu hadi Peponi. Aliyewaelekeza ni Marco Martinelli wa kundi la maigizo la Teatro delle Albe kutoka Ravenna, mji wa Italia ambako Dante alifariki mwaka 1321 na kuzikwa, na kazi ilifanyika kwa ushirikiano na shirika la AVSI. Walibuni, wakaimba, wakacheza kwa Kiingereza na Kiswahili, na filamu iliyotokana na kazi hiyo, The Sky over Kibera, ikatoka mwaka uliofuata. Kwa hiyo swali la iwapo mtoto wa Kenya anaweza kuliingia shairi la Kiitaliano lililotungwa miaka 700 iliyopita limekwisha kujibiwa. Anaweza. Lililobaki ni gumu zaidi, na ni swali la dini kabla ya kuwa la elimu: je, inafaa kumpa mtoto wa shule kazi ya kujenga Jehanamu? Divina Commedia, shairi hilo la Dante lenye nyimbo 100, ni shairi la hukumu. Mshairi amewapanga watu wenye majina, baadhi yao aliowajua kwa sura, kila mmoja na mahali pake: huyu Motoni, huyu Toharani, huyu Peponi. Mwalimu anayewaambia wanafunzi, haya, nanyi tungeni yenu, amewakabidhi kiti ambacho Wakristo na Waislamu wote wanakiri kuwa ni cha Mungu peke yake.

Swali hili lina uzito popote, lakini Nakuru na Bonde la Ufa la kati lina uzito wa pekee. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na mwishoni mwa Januari 2008 Nakuru na Naivasha zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia vibaya. Naivasha, watu 19 walichomwa ndani ya nyumba moja, watoto wakiwamo. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru uligeuka kambi ya wakimbizi wa ndani. Kabla ya hapo kulikuwa na ghasia za Molo mwaka 1992 na za Njoro mwaka 1998. Wanafunzi wa sekondari wa leo hawakuyaona hayo. Wengi wao walizaliwa baadaye. Lakini walichorithi nyumbani ni habari za nani alifanya nini, nani alihama shamba lipi, nani yuko kwenye ploti ya nani. Darasa moja linaweza kuwa na mjukuu wa aliyefukuzwa na mjukuu wa aliyebaki, na wote wawili wanajua kwamba ukitaja jina lako la pili umekwisha kuwekwa upande. Mpe kijana huyo karatasi yenye duara tisa za Jehanamu, umwambie azijaze, nawe usishangae ukiona duara ya mwisho imejaa majina ya ukoo wa mwenzake wa dawati la nyuma.

Hata hivyo naamini inafaa, tena inafaa Nakuru kuliko mahali pengi, kwa sharti moja: mwanafunzi asimpangie mwingine mahali Motoni kabla hajasimama mahali pa mtu huyo na kusema kwa kinywa chake. Kubuni na kuigiza ndiko kunakowezesha jambo hilo. Anayesoma tu anaweza kubaki upande wake hadi ukurasa wa mwisho. Anayeigiza hupewa mwili na sauti ya mwingine, na hawezi kuisema sauti hiyo vizuri huku akiidharau. Sharti hili sikulileta kutoka nje ya shairi ili kulifanya lisiumize. Limo ndani ya shairi lenyewe, na mahali pazuri pa kulionyesha ni wimbo wa 10 wa sehemu ya Jehanamu.

Florence ya Dante ilikuwa mji wa koo na vyama. Waguelfi na Waghibellini walipokezana kufukuzana, na aliyeshindwa alibomolewa nyumba. Mwaka 1260, vita vya Montaperti viliwapa ushindi Waghibellini. Dante mwenyewe alipigana upande wa Waguelfi kule Campaldino mwaka 1289. Kisha Waguelfi walioshinda wakagawanyika, Weupe na Weusi, na mwaka 1302 Dante, aliyekuwa upande wa Weupe, akahukumiwa uhamisho, halafu akahukumiwa kuchomwa moto iwapo angekamatwa. Hakurudi tena. Shairi hili ni kazi ya mkimbizi. Na mkimbizi huyo, akipita katikati ya makaburi yanayowaka moto, anakutana na Farinata degli Uberti, kiongozi wa Waghibellini aliyekufa mwaka mmoja kabla yeye hajazaliwa, adui wa nyumba yao. Farinata anainuka kaburini, anaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, kifua mbele, kana kwamba moto wenyewe haumhusu. Jambo la kwanza analotaka kujua ni Dante ni wa ukoo gani. Akishaambiwa, anasema hao walikuwa mahasimu zake na aliwatawanya mara mbili. Dante anamrudishia: wetu walirudi mara zote mbili, wenu hawakujifunza namna ya kurudi. Malumbano yanakatizwa na marehemu mwingine, Cavalcante, anayechungulia kutoka kaburi hilo hilo kumuulizia mwanawe, akadhani amekufa, akaanguka chali. Farinata haupindi hata uso. Anaendelea palepale alipoachia. Ila kabla hawajaachana anasema neno moja la kujitetea: washindi wa Montaperti walipokubaliana kuifuta Florence juu ya ardhi, yeye peke yake ndiye aliyesimama kuikingia kifua. Na Dante, aliyetoka kumrushia maneno ya kuchoma, anakiombea kizazi chake amani.

Mwalimu wa Kiswahili hahitaji kuambiwa afanye nini na kisa kama hiki. Mwanafunzi wetu anaijua ngonjera, mashairi ya kujibizana yaliyoenezwa na Mathias Mnyampala wa Tanzania katika miaka ya 1960, na ameisikia ikighaniwa mashindanoni. Ngonjera ya kawaida huishia kwenye maafikiano: mjinga anaelimishwa, mkaidi anakubali. Farinata hakubali. Anabaki motoni na kiburi chake, na bado shairi linampa heshima ambayo adui hapewi kwa kawaida. Wanafunzi wawili watunge ngonjera ya namna hiyo, isiyoisha kwa maafikiano, kati ya marehemu wawili wa pande mbili za mgogoro wa kubuni, mji wa kubuni, vyama vya kubuni. Wakimaliza, wabadilishane. Aliyetunga maneno ya upande mmoja aghani ya upande wa pili, tena mbele ya darasa, kwa sauti ya mtu anayemaanisha. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa maana kila mmoja atagundua amempa mpinzani wake maneno dhaifu. Atataka kuyaandika upya kwa sababu sasa ni yeye anayeyasema. Kijana aliyeandika upya utetezi wa adui yake ili usimwaibishe jukwaani amefanya tendo la haki ambalo mahubiri mengi ya amani, na hapa Bondeni tumeyasikia mengi, hayajaweza kulileta.

Pingamizi la kwanza linatoka ndani ya kitabu chenyewe, nalo ni kali: Dante mwenyewe hakulitii sharti hili. Katika wimbo wa 8 anamwona Filippo Argenti, mtu wa Florence aliyemchukia, akizama kwenye matope, naye anaomba aongezewe adhabu na anashukuru anapoongezewa. Katika wimbo wa 33 amemtia Motoni Branca Doria, ambaye wakati huo bado alikuwa hai. Anadai roho imekwisha kushuka na pepo ndiye anayeutembeza mwili. Hakuna njia ya kuyapamba mambo haya. Ni chuki ya mtu aliyenyang'anywa kwao, na mwalimu ayaite hivyo. Lakini kitabu hicho hicho kimebeba upande wa pili wa mizani. Dante amemkuta Motoni mwalimu wake, Brunetto Latini, na anatembea kando yake ameinamisha kichwa kwa heshima. Amemsikiliza Francesca, aliyeuawa na mumewe kwa sababu ya mapenzi yake na shemeji, akaanguka na kuzirai, kwa kuwa maneno ya mapenzi anayojitetea nayo mwanamke yule ni ya aina aliyoyatungia mashairi yeye mwenyewe ujanani. Kwa hiyo ndani ya mtu mmoja kuna hakimu mwenye kisasi na mshtakiwa mwenye hofu, na wanasukumana kwa nyimbo 100. Mwanafunzi anayeigiza Dante hulazimika kuwabeba wote wawili. Akiulizwa, baada ya onyesho, ni wapi Dante alikosea kuhukumu, atakuwa na la kusema, na atalisema akijua jinsi hukumu ilivyokuwa tamu mdomoni.

Ndiyo maana nasikitika kwamba walimu wengi duniani huishia Motoni. Moto unavutia, una mashetani na maleba ya kutisha. Lakini kwa vijana wa Bonde la Ufa sehemu yenye faida kubwa ni Toharani, mlima ambao watu wake wote wamekwisha kusamehewa na wote bado wana kazi ya kufanya. Mlangoni malaika anamwandika msafiri herufi saba usoni, moja kwa kila dhambi kuu, na zinafutwa moja baada ya nyingine kadiri anavyopanda. Kwenye daraja la kwanza wenye kiburi wanatembea wamepinda mgongo chini ya mawe mazito. Hapa Dante hasimami pembeni kama mtazamaji. Anainama na kutembea nao sambamba, na baadaye anakiri kwamba akifa anatarajia kurudi daraja hilo hilo. Kulieleza hili kwa maneno ni dakika mbili, na linasahaulika. Mwanafunzi apewe mtungi wa lita 20 uliojaa maji, aubebe mgongoni kwa kamba ya kichwani kama wanavyobeba kina mama wa vijiji vingi vya Bonde, azunguke uwanja huku wenzake wakimsalimu. Atagundua kwamba hawezi kuona uso wa mtu. Anaona miguu na udongo. Katika shairi, sakafu ya daraja lile imechongwa michoro ya watu walioangushwa na kiburi chao, kwa sababu sakafu ndiyo sehemu pekee wanayoweza kuitazama waliobebeshwa mawe. Huwezi kulielewa jambo hilo vizuri ukiwa umekaa. Na mwanafunzi aliyelielewa hajamhukumu mtu yeyote. Amebeba mzigo wake tu.

Wapo watakaosema kwamba kwa kufanya hivi tunapoteza ushairi, tunabaki na michezo. Kiitaliano hakimo, vina vimepotea, mtoto amepewa mtungi badala ya shairi. Hoja hii naiheshimu kwa sababu inatoka kwa watu wanaopenda ushairi, lakini inamsahau mwanafunzi tuliye naye. Dante aliandika kwa beti za mishororo mitatu, kila mshororo mizani 11, mshororo wa kwanza na wa tatu ikishirikiana kina, na kina cha mshororo wa kati kikigeuka kuwa kina kikuu cha ubeti unaofuata. Mwanafunzi wa Kenya anaijua tathlitha. Anajua pia bahari ya mkufu, ambamo ubeti mmoja huushika mwingine mkono. Aambiwe aunganishe hayo mawili na ameshafika kwenye umbo la Dante bila kujua neno la Kiitaliano.  Wanafunzi wetu huhesabu mizani kwa vidole hadi mtihanini, na wengi huona ni adhabu. Hapa hesabu hiyo inapata sababu, kwa maana kina kinachotangulizwa katika ubeti huu na kungoja ubeti ujao ndicho kinachomsukuma msafiri mbele. Hakuna ubeti unaoweza kujifunga mlango wenyewe. Wakitunga beti tano tu za namna hiyo, na kutoka jasho kutafuta kina cha kati kisichowakwamisha mbele, watakuwa wameujua ufundi wa Dante kwa karibu kuliko aliyesoma muhtasari wa kitabu kizima. Isitoshe, Dante mwenyewe aliiacha Kilatini ya wasomi akaandika kwa lugha ya nyumbani kwao. Mtu huyo hawezi kulalamika akitungiwa kwa Kiswahili.

Kuhusu pingamizi kwamba Waitaliano ni wageni kwetu sitasema mengi. Chini ya ukingo wa Bonde, Mai Mahiu, lipo kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara, na wasafiri wa kwenda Naivasha na Nakuru wamelipita kwa zaidi ya miaka 80. Pingamizi zito ni la imani. Toharani ni mafundisho ya Kikatoliki. Madarasa yetu yamejaa watoto wa makanisa ya AIC, PCEA na ya Kipentekoste, na Waislamu wa Nakuru, Naivasha na Gilgil. Katiba ya 2010 inasema katika kifungu cha 8 kwamba hakuna dini ya taifa, na katika kifungu cha 32 kwamba mtu hatalazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Kifungu hicho kinawalinda wanafunzi, na mwalimu akisome kabla ya kugawa nafasi za wahusika. Hakuna mtoto wa kulazimishwa kuigiza sala asiyoiamini. Lakini kusoma imani ya mtu si kuikubali, na mtoto wa Kipentekoste anayeuliza kwa nini mtu aliyesamehewa bado abebe jawe ameuliza swali ambalo mapadri na wachungaji wamelibishania tangu karne ya 16. Acha aulize.

Kwa Waislamu kuna jambo jingine, na halifai kufichwa. Wimbo wa 28 wa Jehanamu unamtaja Mtume Muhammad kwa namna ya kumtukana. Dante alirithi kosa la Wakristo wa zama zake waliouona Uislamu kuwa faraka ndani ya Ukristo, na alilitamka kwa ukatili. Wimbo huo hauigizwi, hauchorwi, hausomwi kwa sauti darasani; hakuna kazi ya sanaa inayompa mwalimu haki ya kumtaka mtoto yeyote aguse hapo. Lakini wanafunzi wakubwa waambiwe wazi kwamba upo na kwamba ni dhuluma, kwani kijana Mwislamu atakayeugundua mwenyewe kwenye simu baada ya kuigiza kwa moyo wote atahisi amesalitiwa, na atakuwa na haki. Waambiwe pia sehemu ya pili ya habari. Dante huyo huyo amewaweka Ibn Sina, Ibn Rushd na Salahuddin mahali pa heshima, nje ya mateso, pamoja na wenye hekima wa Ugiriki na Roma. Mwaka 1919 mwanazuoni wa Kihispania Miguel Asín Palacios alidai kwamba safari ya Dante inadaiwa mengi na masimulizi ya Kiislamu ya Miiraji, yaani kupaa kwa Mtume mbinguni, na mwaka 1949 Enrico Cerulli, Mwitaliano aliyewahi kuwa afisa mkubwa wa utawala wa Italia huko Ethiopia, alichapisha tafsiri ya kale ya kitabu cha Miiraji iliyokuwa imefanywa huko Hispania mwaka 1264, mwaka mmoja kabla Dante kuzaliwa. Wataalamu bado wanabishana Dante alikijua kiasi gani. Mtoto aliyekulia na tenzi za Miiraji, au aliyesikia Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ikiusuta moyo kwa magofu ya Pate na moto wa Akhera, hakuja darasani mikono mitupu. Yeye ndiye mwenye mengi ya kuwafundisha wenzake kuhusu kitabu hiki.

Lakini swali la dini lenye kina zaidi kwa Nakuru liko Peponi, wimbo wa 19, na linatupeleka moja kwa moja hadi ukingoni mwa Menengai. Kila mtu wa Nakuru anajua shimo lile kaskazini mwa mji, karibu kilomita 12 kwa 8, sakafu yake mawe meusi ya volkeno, mvuke ukipanda hapa na pale. Tangu mwaka 2011 Kampuni ya Ustawishaji wa Mvukejoto, GDC, imekuwa ikichimba visima humo. Simulizi zinasema katika vita vya Wamaasai vya karne ya 19 wapiganaji wa Ilaikipiak walitupwa humo na Ilpurko, na kwamba mvuke ule ni roho zao zikitafuta njia ya kwenda juu. Wapo wanaoliita makao ya pepo wabaya. Na kwenye mapango yake waumini huenda kufunga na kuomba. Mwalimu yeyote mwenye akili ya kubuni atashawishika kuwapeleka wanafunzi pale na kusema, tazameni, hii ndiyo Jehanamu yetu. Namsihi asifanye hivyo. Wale ni wafu wa watu, walioshindwa vitani. Kuwageuza wakazi wa Motoni kwa ajili ya zoezi la fasihi ni kuwashinda mara ya pili.

Afanye jambo gumu zaidi. Katika mbingu ya Mshtarii, roho za watawala wa haki zimejipanga zikaunda umbo la tai, na tai huyo anasema. Analitaja swali ambalo Dante amekaa nalo kwa miaka: mtu amezaliwa kando ya mto Indus, hakuna aliyemhubiria Kristo, matendo yake yote ni mema, anakufa bila ubatizo. Ni haki gani inayomtia hatiani? Hakuna shairi jingine la Ulaya ya zama zile ninalolijua lililouliza swali la babu zetu waziwazi hivi. Weka Ilaikipiak mahali pa mtu wa Indus. Weka bibi wa bibi wa kila mtoto darasani, aliyefariki kabla misheni ya kwanza haijafika Bondeni. Tai hamjibu Dante kwa hoja. Anamkemea kwanza kwa kujipa uhakimu ilhali kuona kwake ni kufupi, kisha anaongeza kwamba siku ya hukumu Mwethiopia atawatia hatiani Wakristo wengi wa midomo. Na katika wimbo wa 20, kwenye jicho la tai mnaonekana wapagani wawili waliookoka: Trajan, kaisari wa Roma, na Ripheus, mtu wa Troya ambaye mshairi wa Kirumi Virgil alimtaja kwa mistari michache tu katika Aeneid na kumsifu kwa haki. Dante alimwokota mtu asiye na historia akampa nafasi Peponi. Shairi la hukumu, likifika juu, linamshusha hakimu kitini.

John Mbiti, padri wa Kianglikana na mwanafalsafa aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, aliandika katika African Religions and Philosophy, mwaka 1969, kwamba marehemu hubaki ndani ya Sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, na akisahauliwa na wa mwisho huzama katika Zamani. Wengi walimpinga kuhusu mambo mengine, hasa alivyosema kuhusu wakati ujao, lakini hilo la majina kila familia inalijua. Wafu wa Dante nao hawaombi kitu mara nyingi kuliko hiki: nitaje ukirudi duniani, waambie wangu waniombee. Basi zoezi la Menengai liwe hili. Kila mwanafunzi amuulize mzee wa nyumbani kwao jina la mtu wa kale kabisa wa ukoo wanayemkumbuka na jambo moja alilolitenda. Aandike maneno ya mtu huyo mbele ya tai, si kumsifu wala kumsafisha, aseme alichofanya kwa lugha ya wakati wake. Darasa lisitoe uamuzi. Lisikilize majina yote, ya Wakalenjin, ya Wakikuyu, ya Wamaasai, ya Waluo na Waluhya waliokuja na reli na mashamba, ya walioingia Uislamu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1964 kwamba wasioijua Injili bila kosa lao wanaweza kuupata wokovu. Makanisa mengine hayasemi hivyo. Vijana watabishana, na wabishane. Ila watabishana wakiwa wamewapa wahusika nafasi ya kusema, nayo ni desturi tunayoihitaji sana hapa.

Mwisho kuna pingamizi la muda na la woga. La muda ni jepesi: mtaala wa umilisi umefungua mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu, na wimbo mmoja wa Dante unatosha kwa wiki mbili, kitabu kizima hakihitajiki. La woga si jepesi. Aprili 2025 tamasha la kitaifa la maigizo na filamu lilifanyika Nakuru, na wanafunzi wa Butere Girls walikuja na mchezo Echoes of War baada ya Mahakama Kuu ya Kisii kuamuru waruhusiwe. Polisi walifyatua mabomu ya machozi, mwandishi wa mchezo, aliyekuwa Seneta wa Kakamega Cleophas Malala, akazuiwa kuwafikia, na wasichana wale wakaimba wimbo wa taifa kisha wakaondoka jukwaani bila kuigiza. Haki ya kusema ilikuwa yao, na walinyimwa. Watu wazima wanaogopa vijana wakipewa nafasi ya kuhukumu, na Dante anawapa nafasi hiyo. Yeye alimtia Motoni Papa Nicholas wa Tatu, kichwa chini miguu juu. Mwalimu atakayeanza kazi hii ajue hilo. Kinga yake bora ni kwamba maneno yawe ya wanafunzi wenyewe, na kwamba kila aliyemshtaki mtu jukwaani awe amemtetea pia.

Walimu wa Nakuru, Naivasha, Molo na Njoro, anzeni na Farinata. Wapeni wanafunzi wawili wasiopatana kaburi moja la makaratasi, wapeni wiki mbili, na msiwaandikie hata mshororo mmoja.